Mwanangu anajidunga insulini lakini hashibi: ni ulafi, au kuna homoni iliyokwisha?

SWALI: Daktari, mwanangu ana miaka 13 na aligunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya kwanza mwaka jana. Insulini anajidunga bila kukosa. Shida ni njaa. Anamaliza sahani ya ugali na sukuma, na kabla vyombo havijaoshwa anauliza kama kuna kilichobaki. Nikimpima saa moja baadaye sukari imeruka hadi 15 au 16 (mmol/L), kisha baadaye inashuka mpaka anatetemeka. Nyanya yake anasema huo ni ulafi, tumzoeze kulala na njaa. Nesi mmoja pale kliniki aliniambia kwamba kongosho hutoa homoni nyingine ya kumfanya mtu ashibe, na ya mwanangu imekwisha. Ni kweli? Na kama ni kweli, mbona hapewi? (Mama, Kayole, Nairobi)

JIBU: Mama, nesi alikwambia kweli. Homoni hiyo inaitwa amilini. Hutoka kwenye seli zilezile zinazotoa insulini, kwa hiyo ugonjwa uliomnyang'anya mwanao insulini ulimnyang'anya amilini papo hapo. Insulini anarudishiwa kwa sindano. Amilini harudishiwi. Nitakueleza kazi yake, sababu ya kutopewa, na mnachoweza kufanya hapo nyumbani.

Kabla ya yote, hili halingoji: msimlaze na njaa. Mtoto aliyejidunga insulini akilala bila kula, sukari inaweza kumshuka usiku wa manane akiwa usingizini, na asiamke kuomba msaada. Mwambie nyanya, kwa heshima zote, kwamba daktari amekataa katakata.

Sasa tuanze na kongosho lenyewe. Liko nyuma ya tumbo, na sehemu yake kubwa hutengeneza maji ya kusagia chakula yanayomwagika kwenye utumbo mwembamba. Lakini ndani ya nyama hiyo kumetawanyika vishada vidogo vidogo vya seli za namna nyingine. Paul Langerhans, aliyekuwa akisomea udaktari Ujerumani, aliviona kwa hadubini na kuviandika mwaka 1869, bila kujua ni vya nini. Humo ndimo zilimo seli za beta, zile zinazotoa insulini na amilini. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili hukosea na kuzishambulia seli hizo mpaka zikaisha. Ugonjwa huu haukusababishwa na peremende alizokula, wala na jambo ulilofanya ukiwa na mimba yake. Nasema hivi kwa sababu karibu kila mama anayeketi mbele yangu amebeba lawama hiyo, hata asipoitaja.

Januari 1922, huko Toronto nchini Kanada, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa insulini, binadamu wa kwanza kutibiwa kisukari kwa dawa hiyo. Alikuwa amekonda mifupa mitupu, karibu kufa, na akapata nafuu. Ushindi huo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kwa miaka 65 madaktari waliamini seli ya beta ina zawadi moja tu, na zawadi hiyo sasa imo kwenye chupa.

Amilini ilikuja kugunduliwa kupitia mlango wa nyuma. Mwaka 1901, daktari Mmarekani Eugene Opie alieleza kwamba vishada vya kongosho la baadhi ya watu waliokufa na kisukari vilikuwa na utando mgumu unaong'aa. Haukueleweka ni kitu gani. Mwaka 1987 makundi mawili ya watafiti, moja la Per Westermark kule Uppsala, Uswidi, na jingine la Garth Cooper kule Oxford, Uingereza, yaliuchambua utando huo na kukuta umejengwa na protini ndogo yenye vijenzi 37 viitwavyo asidi amino, ambayo haikuwa imefahamika kabla. Baadaye ikadhihirika kwamba protini hiyo si uchafu wa ugonjwa tu. Kila mtu mwenye afya anayo. Imefungwa katika vifuko vilevile vya insulini ndani ya seli ya beta, na kila mlo unapoingia, vyote viwili humwagwa kwenye damu pamoja, takriban molekuli moja ya amilini kwa kila mia za insulini. Ni chache, lakini inafanya kazi isiyofanywa na insulini.

Fikiria kioski cha maji mtaani. Kuna anayehamisha mitungi iliyojaa, na kuna aliyeshika koki. Insulini ndiyo inayohamisha: inatoa sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye misuli, ini na mafuta. Amilini ndiyo iliyoshika koki: inaamua sukari iingie kwenye damu kwa kasi gani. Mwanao ana mhamishaji, tena wa kuajiriwa, anayefika kwa saa aliyopangiwa. Kwenye koki hakuna mtu.

Koki hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni mlango wa chini wa tumbo. Chakula kikishachanganyika humo hutolewa kidogo kidogo kuingia utumbo mwembamba, na ni kwenye utumbo huo wanga hugeuzwa sukari na kufyonzwa. Amilini hupunguza kasi ya kutoka huko. Isipokuwepo, uji au ugali laini hushuka haraka na sukari hufika kwenye damu kwa wingi ndani ya muda mfupi. Ndiyo 15 na 16 zako za saa moja baada ya mlo. Lakini kwa mtu aliyeishi na kisukari miaka mingi hadi neva za tumbo zikaharibika, mambo huwa kinyume, chakula hukwama. Kwa mtoto aliyeishi na ugonjwa huu mwaka mmoja tu, hilo si la kuhofia sasa.

Sehemu ya pili ni ini, na hii wazazi wengi huwa hawajaisikia kabisa. Kongosho lina seli nyingine, za alfa, zinazotoa homoni ya glukagoni. Glukagoni huliamuru ini litoe sukari lililoiweka akiba, jambo jema mtu akiwa amefunga, na jambo baya akiwa ametoka kula. Kwa mwenye afya, amilini na insulini huinyamazisha glukagoni wakati wa mlo. Kwa mwanao haishuki inavyopaswa, na mara nyingi hupanda. Yaani ametoka kula ugali, na ini nalo linamwaga sukari yake kana kwamba hajala siku nzima. Ukimpima na kuona namba kubwa kuliko sahani aliyokula, usidhani mara moja kwamba ameiba mandazi. Huenda sehemu ya sukari hiyo imetoka ndani mwake mwenyewe.

Sasa kushiba, ambako ndiko swali lako lilikoanzia. Nyuma ya shina la ubongo, chini kabisa karibu na shingo, kuna eneo dogo lisilo na ule ukuta unaozuia vitu vya kwenye damu kuingia ubongoni. Seli za hapo huonja damu moja kwa moja. Amilini hushika kwenye seli hizo, na ubongo unapata habari kwamba chakula kinaingia, kwamba mlo huu unaweza kuishia hapa. Haizuii mtu kuanza kula, inamsaidia kumaliza. Panya wa maabara waliozibiwa njia ya amilini kwa dawa walikula zaidi na kunenepa. Na watu waliodungwa dawa inayofanana nayo kisha wakaandaliwa chakula wajipakulie watakavyo, walikula kidogo kuliko kawaida bila kuambiwa wapunguze.

Hivyo mwanao anapofuta sahani na kutazama sufuria, moja ya ishara zilizopaswa kumwambia "basi" haijatumwa. Wewe na mimi tunaisikia ishara hiyo na kuiita adabu ya mezani. Yeye analazimika kufanya kwa akili kile ambacho mwili wetu hutufanyia bure, na ana miaka 13, umri ambao hata mvulana asiye na ugonjwa wowote anaweza kumaliza mkate mzima. Kumwita mlafi ni kumlaumu kwa kiungo kilichokufa ndani yake. Tena lawama hiyo ina hatari yake. Vijana wenye kisukari cha aina ya kwanza hupata matatizo ya ulaji zaidi ya wenzao: wengine hula kwa kujificha, wengine huruka sindano ili wakonde. Mtoto anayekula kwa siri hajidungi kwa kile alichokula, na hapo ndipo hesabu zote huvurugika. Afadhali aombe sahani ya pili mbele yenu, muihesabu pamoja.

Mbona basi hapewi? Kizuizi cha kwanza kilikuwa kwenye protini yenyewe. Amilini ya binadamu inapenda kunatana. Ukiiweka kwenye chupa hujikunja kuwa nyuzi ngumu, zilezile za ule utando wa Opie. Nyuzi hizo hata zinahusishwa na kufa kwa seli za beta katika kisukari cha aina ya pili, ambapo kongosho hulazimika kutoa insulini na amilini nyingi kwa miaka. Paka nao hupata utando huo, na hupata kisukari kinachofanana na cha aina ya pili. Panya hawapati. Amilini yao ina asidi amino iitwayo prolini mahali ambapo yetu haina, na prolini hizo huizuia isijisuke kuwa nyuzi. Wataalamu wakaazima prolini tatu za panya, wakazipandikiza kwenye amilini ya binadamu, wakapata dawa inayokaa vizuri kwenye chupa. Inaitwa pramlintaidi, na Marekani iliiidhinisha Machi 2005 kwa jina la Symlin, itumike pamoja na insulini ya mlo.

Inafanya kazi. Huchelewesha chakula tumboni, hunyamazisha glukagoni na kupunguza hamu ya kula. Lakini ina masharti mazito. Hudungwa kabla ya kila mlo mkubwa, kwa sindano yake pekee, kwa kuwa haichanganywi na insulini. Wengi huanza na kichefuchefu. Na la kutisha zaidi: ukiongeza dawa inayochelewesha chakula juu ya insulini ambayo tayari iko mwilini, insulini inaweza kuwahi kabla sukari haijafika. Kwa hiyo imebandikwa onyo kali la kushuka kwa sukari ndani ya saa tatu za kujidunga, na wanaoianza huelekezwa kupunguza insulini ya mlo kwa nusu. Baada ya taabu zote hizo, wastani wa sukari ya miezi mitatu ulishuka kidogo tu kwenye majaribio. Haikuidhinishwa kwa watoto. Kwa kijana wa Kayole ambaye familia yake inahesabu stripu za kupimia ziweze kufika mwisho wa mwezi, mimi nisingeitamani hata ingeletwa bure. Ningetaka kwanza stripu ziongezwe.

Huenda umesikia kwenye redio au mtandaoni kuhusu sindano mpya za kupunguza unene. Moja ya zinazofanyiwa majaribio, kagrilintaidi, ni mwana wa ukoo wa amilini, inadungwa mara moja kwa wiki, na imejaribiwa pamoja na semaglutaidi, sindano nyingine ya kupunguza uzito, kwa watu wazima wanene. Matokeo yake ya kupunguza uzito ni makubwa. Lakini majaribio hayo si ya watoto wenye aina ya kwanza, na mtoto anayekua hapaswi kukatwa hamu ya chakula kwa dawa ya mtu mzima mnene. Mtu akikuuzia kitu kama hicho dukani au kwa simu akisema kitamshibisha mtoto, usinunue.

Hata hivyo, Mama, sitaki uibebeshe amilini kila kitu. Mtoto mwenye kisukari anaweza kuwa na njaa kwa sababu nyingine, na baadhi ni za dharura kuliko hii. Sukari ikikaa juu, kuanzia karibu 10 kwenda mbele, figo huanza kuimwaga kwenye mkojo. Chakula kinapita tu. Mtoto anakula, anakojoa chakula chake, anakonda, na njaa haiishi, pamoja na kiu. Dalili hizo zikiwapo, anachohitaji ni insulini ya kutosha. Na katika umri wa kubalehe mahitaji ya insulini huongezeka sana, kwa kuwa homoni za kukua huifanya ifanye kazi kwa shida. Dozi iliyomtosha akiwa na miaka 12 yaweza kuwa ndogo leo. Kama suruali zake zinalegea kiunoni huku anakula hivyo, mpeleke kliniki wiki hii. Akianza kutapika, kuumwa tumbo, kupumua kwa nguvu na kasi, au pumzi yake kunuka kama matunda yaliyoiva sana, hiyo ni sumu ya ketoni, tindikali zinazojaa kwenye damu insulini isipotosha. Mkimbize hospitali usiku huohuo.

Njaa ya namna nyingine ni ile ya ghafla yenye kutetemeka, jasho, kichwa kuuma au hasira isiyo na sababu. Hiyo ni sukari iliyoshuka. Mpime, ikiwa chini ya 4 mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, ngoja dakika 15, mpime tena. Usimpe chapati au chokoleti kwanza, kwani mafuta huchelewesha sukari kufika. Sukari ikishapanda ndipo ale kitu cha kumshikilia. Na asipoweza kumeza au akipoteza fahamu, msimtie chochote mdomoni. Huyo ni wa kupelekwa hospitali mara moja.

Ulichoniandikia, kupanda saa moja baada ya kula kisha kushuka baadaye, kinanifanya niulize swali moja: anajidunga lini? Watoto wengi hapa kwetu hutumia insulini ya kawaida, ile nyangavu kama maji, au ile ya mchanganyiko wa 30/70 yenye rangi ya maziwa. Zote mbili huchukua karibu nusu saa kuanza kazi, na nguvu yake ya kilele huja baada ya saa mbili au zaidi, wakati ugali umeshapita zamani. Akijidunga sahani ikiwa mezani, sukari hupanda bila mpinzani, kisha insulini hufika kwa kishindo kukiwa hakuna chakula. Anatetemeka, anakula tena kwa pupa, inapanda tena. Mtu anayemtazama tu ataapa kwamba ni mlafi. Kwa hiyo insulini hiyo adungwe dakika 30 kabla ya mlo, mradi una hakika kwamba chakula kinaiva na kitafika. Kama anatumia ile ya haraka zaidi, ni dakika 15 au 20. Akiwa tayari chini ya 4, tibu kwanza. Dozi yenyewe usiibadilishe peke yako. Muda tu ndio nakuomba uutazame.

Na kama ni ya mchanganyiko mara mbili kwa siku, basi kitafunio cha saa nne asubuhi na cha saa kumi alasiri ni sehemu ya matibabu. Mwalimu aelezwe hivyo. Nimeona watoto wakinyang'anywa ndizi darasani kwa kosa la kula wakati wa somo, na mwalimu hakuwa mtu mbaya, hakuwa ameelezwa tu.

Hapa naja kwenye jambo linalonipa matumaini. Amilini ni mjumbe mmoja kati ya wengi, na wengine wa mwanao bado wapo. Ndani ya kongosho lilelile, hasa upande wa kichwa chake, kuna seli zinazotoa homoni iitwayo polipeptidi ya kongosho. Ina asidi amino 36, na Kimmel na wenzake waliigundua Marekani mwaka 1968 walipokuwa wakisafisha insulini ya kuku. Ugonjwa wa mwanao haukulenga seli hizo. Homoni hii huanza kupanda mtu anapoanza tu kutafuna, kwa amri ya neva ndefu ya vagasi itokayo ubongoni, na baada ya mlo mzuri huweza kukaa juu kwa saa kadhaa. Huliambia kongosho lipunguze kumwaga maji ya kusaga chakula, hukilegeza kifuko cha nyongo, na hupeleka kwenye shina la ubongo habari kwamba mtu amekula. Mwaka 2003 watafiti wa London waliwadunga watu wenye afya homoni hii kwenye mshipa, nao wakala karibu robo pungufu kwa siku nzima. Zaidi ya hiyo kuna homoni za utumbo zinazoitwa na protini, mafuta na nyuzinyuzi, na kuna ukuta wa tumbo wenyewe unaohisi kujaa.

Wajumbe hao wote wana tabia moja: huchelewa kidogo, na huitwa na chakula cha namna fulani kuliko kingine. Ugali mweupe laini na sukuma kidogo ya kupitishia hauwaiti vizuri. Ni wanga mtupu, unamezwa haraka, na kwa mtu asiye na amilini unashuka tumboni haraka. Simwambii mtu aache ugali. Najua bei ya vitu, na unga ndio unaobeba nyumba nyingi Nairobi. Nasema tubadilishe mpangilio na vipimo. Sukuma na ndengu, maharagwe, omena au yai viliwe kwanza, robo ya sahani au zaidi, kisha ugali ufuate. Kula protini na mboga kabla ya wanga kumeonekana kupunguza mruko wa sukari baada ya mlo, na hakuongezi hata shilingi kwenye bajeti. Ugali wa mtama au wimbi uliochanganywa na mahindi ya kusagwa bila kukobolewa huenda polepole kuliko unga mweupe. Githeri ni rafiki mkubwa hapa: mahindi mazima na maharagwe hutafunwa sana na hushuka taratibu. Kama shuleni wanapewa githeri saa saba, furahi. Uji mwepesi wenye sukari na mkate mweupe aviepuke; chai yenye sukari na juisi za pakiti ni za kutibia sukari iliyoshuka tu. Chai ya maziwa bila sukari anaweza kunywa.

Tahadhari moja. Mkibadilisha mpangilio huu wa sahani huku insulini ikiwa ileile, chakula kitaingia polepole na insulini yaweza kuwahi. Siku za mwanzo mpime kabla ya mlo, saa mbili baadaye, na kabla ya kulala. Ukiona anashuka, usirudi kwenye ugali mtupu. Piga simu kliniki wakupunguzie dozi.

Kuhusu sahani ya pili: akiomba, msimkatalie wala msimpakulie papo hapo. Mwambie anywe maji, akae mezani mzungumze kidogo, wajumbe wale wapate muda. Bado ana njaa? Mpe mboga, yai, njugu karanga kiganjani, kipande cha parachichi. Hivyo havihitaji insulini nyingi. Akitaka ugali zaidi, basi uhesabiwe na kliniki wawaelekeze dozi ya kuufunika. Na familia nzima ile namna hiyohiyo, nyanya pamoja, ili asiwe peke yake aliyetengewa sahani ya mgonjwa.

Utakapoenda kliniki, beba daftari lenye siku chache tu: saa aliyojidunga, saa aliyokula, alichokula, sukari kabla na baada, na saa ambayo njaa ilimkaba. Nairobi ina madaktari waliosomea homoni za watoto. Tangu 2008 mji huu umekuwa ukiwafundisha madaktari hao kutoka nchi nyingi za Afrika, kwa hiyo omba rufaa bila haya kama kituo unachokwenda hakina. Uliza mambo haya: dozi inalingana na uzito wake wa sasa? Anaweza kuhamishiwa sindano za kila mlo badala ya mchanganyiko, ili ale kwa kadiri ya njaa yake halisi? Kipimo cha wastani wa miezi mitatu kinasemaje? Na apimwe tezi ya shingoni, kwa sababu ikifanya kazi kupita kiasi huleta njaa kali pamoja na kukonda na moyo kwenda mbio, na watoto wenye kisukari cha aina ya kwanza hupata magonjwa ya tezi hiyo mara nyingi kuliko watoto wengine.